Nawa Uso Nikuone

"Angalia juu, wifi. Juu kabisa, kama unatafuta buibui darini. Usipepese."

"Nimeangalia mpaka shingo inauma."

"Vumilia. Atakaye uzuri sharti adhurike."

Bi harusi mtarajiwa alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu cha saluni, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni, mikono ameiweka mapajani kama mtoto anayesubiri sindano. Aliyesimama mbele yake ni mke wa kaka yake. Huyu ndiye mpambaji ambaye mtaa mzima unamwita Ng'aring'ari, kwa sababu uso wake haujawahi kuonekana na mawingu. Siku hiyo walikuwa wanajaribu tu. Harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Ng'aring'ari alikuwa na mkono wa taratibu. Konsila, ile krimu ya kuficha weusi, alishaipaka chini ya macho, kidogo kidogo, kama mtu anayepaka siagi huku anaona mkebe unakaribia kuisha. Akaigongagonga kwa kidole cha pete, maana hicho ndicho kidole chepesi kuliko vyote, mpaka mikunjo yote ikalala. Ndipo akachovya sponji kwenye poda ya kung'arisha, akaikung'utia ya ziada mgongoni mwa mkono wake, akaanza kuibonyeza juu ya konsila ili ishike, isitembee. Hakusugua hata mara moja. Alibonyeza tu.

"Mbona kidogo hivyo, wifi? Mimi nataka ning'ae kama wewe."

"Ya picha inatakiwa iwe kidogo. Poda hii ukiizidisha, kwenye kioo unajiona malaika. Flashi ikipiga, weupe wote unarudi. Utaonekana umechungulia ndani ya pipa la unga."

Bi harusi akacheka.

"Usicheke! Itaingia kwenye mikunjo."

"Si kaka yangu ndiye mpiga picha? Atanisitiri."

"Kaka yako anapiga kilichopo. Flashi haina ndugu."

"Haya, mama wa flashi." Bi harusi akafumbua jicho moja, akamtazama mpambaji wake kwa husuda ya utani. "Ila wewe Mungu kakupendelea. Mimi nikikosa usingizi usiku mmoja tu, naamka macho yamevimba kama maandazi. Wewe hata kivuli huna. Unalala, eeh! Nilimwambia kaka, mkeo analala kama mtoto aliyenyonya akashiba."

Sponji ikasimama hewani.

"Nani kakwambia nalala?"

"Uso wako. Uso haudanganyi, wifi."

Ng'aring'ari akachovya sponji tena. Alisema tu, "Fumba macho," akaendelea kubonyeza.

Jamani, huo uso wenyewe ulikuwa unatengenezwa kila siku kabla ya chai. Mwanamke huyu alikuwa anasimama mbele ya kioo cha bafuni, kile chenye ufa pembeni, anaanza na konsila, anamaliza na poda. Chini ya poda macho yake yalikuwa meusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Yalianza hivyo tangu mama mkwe wake alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Kitanda cha mgonjwa kiliwekwa sebuleni, karibu na dirisha, na juu ya stuli pakawekwa kikombe cha bati na kijiko. Usiku mama akitaka maji, akitaka kugeuzwa asipate vidonda vya kulalia ubavu mmoja, akitaka haja, anagonga kikombe. Ng'aring'ari anaamka. Anamgeuza, anamfuta, anampanga mito, anarudi kulala. Hajapata hata ndoto, kikombe tena. Mume wake yupo pale pale kitandani, lakini huyo akilala amelala. Paa likiondoka na upepo, ataulizia asubuhi.

Sasa utauliza, kwa nini ajifiche? Alikuwa na sababu zake. Siku alipoletwa kwenye ukoo ule, wifi yake huyu huyu alisema mbele ya watu, "Kaka katuletea mwanamke wa poda. Mgonjwa akilala humu atamgusa kwa kucha zile?" Watu wakacheka, naye akacheka, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Na kazini je? Siku moja alisahau kujipaka. Mteja akamwangalia macho, akachukua mkoba wake akasema, "Kama wewe mwenyewe uko hivi, mimi utaniachaje?" Akatoka. Tangu siku hiyo Ng'aring'ari hakusahau tena.

Bi harusi alipoondoka, saluni ikabaki na harufu ya poda na feni inayolia kwikwi. Ng'aring'ari akakaa kwenye kile kiti kirefu, akampigia dada yake.

"Umekula?" Dada yake alianza na hilo, hana salamu nyingine.

"Nimekula."

"Muongo. Sauti yako ina njaa."

"Dada, kile chumba chako cha nyuma bado kipo?"

 Upande wa pili sufuria ilisikika ikifunikwa.

"Kipo. Unakuja kutembea, au unakuja?"

"Nakuja. Jumapili, harusi ikishapita."

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Hana, dada. Angekuwa naye ningejua kilio nianzie wapi."

"Sasa nini, mdogo wangu?"

"Nimechoka. Na yeye hanioni."

"Umemwambia?"

"Nilimwambia, kwa mdomo wangu huu. Nilimwambia mume wangu, nimechoka. Akanishika kidevu, akanigeuzia dirishani kama anapima mwanga wa picha, akacheka. Akasema, umechoka wapi na unang'aa hivyo? Wewe huchoki bwana, wewe mashine."

"Ukamjibu nini?"

"Nikacheka na mimi."

"Mjinga wewe. Si ungenawa ukamwonyesha?"

"Dada, nimvulie uso kama mtu anayemvulia daktari jipu? Mume wa kumwomba anione?"

Dada yake akashusha pumzi ndefu. "Na yule mama mgonjwa?"

Hapo ndipo Ng'aring'ari akafunga macho. "Huyo ndiye anayeniuma. Nikimfikiria, begi linakuwa zito kabla sijaweka kitu ndani."

"Haya. Chumba nitakifagia. Lakini mwambie mwanamume wa watu, usiondoke kama mwizi wa kuku."

"Nitamwambia Jumapili hiyo hiyo."

Jioni ile aliporudi nyumbani alimkuta mume wake amekaa kwenye zulia, anapanguza lenzi zake kwa kitambaa laini. Wenzake kazini humwita Flashi. Ni mwanamume mpole, mwepesi wa kucheka, anapenda mama yake, anapenda mke wake, na anapenda kamera yake. Huwezi kumwita mtu mbaya. Ila ana ugonjwa wa watu wa kazi yake: kitu kikiwa ndani ya kamera anakiona mpaka unywele, kikiwa nje ya kamera kinampita kama mtu wa barabarani.

"Ng'ari wangu huyoo!" akasema. "Tazama mtu ametoka kazini kutwa, bado anawaka kama taa. Mama, umemwona mkweo?"

"Namwona," mama akajibu kutoka kitandani.

"Afadhali na wewe mama siku hizi unalala vizuri. Mwanzoni ulikuwa unagonga kile kikombe mpaka nasikia ndotoni. Sasa hivi kimya kabisa. Mfupa umeanza kushika, eeh?"

Mama akamtazama mkwe wake. Mkwe akautazama mlango wa jikoni.

"Nalala," mama akasema taratibu, na mkono wake ukakisogeza kijiko mbali na kikombe, kana kwamba kijiko kingemsaliti.

Ng'aring'ari akamsogelea, akamwinua bega, akamgeuzia upande wa dirisha. Alimgeuza kwa kumwekea mkono mmoja chini ya nyonga na mwingine mgongoni, halafu akahesabu kwa kunong'ona ili mama ajue lini apumue. Mama alimkamata kidole.

"Mwanangu," akanong'ona, "leo sitagonga. Lala."

"Gonga, mama. Usipogonga utapata vidonda."

"Mnanong'ona nini nyie?" Flashi akauliza.

"Mambo ya wanawake," mama akasema. "Panguza mavioo yako."

Baadaye, mezani, Ng'aring'ari akajaribu tena.

"Mume wangu, Jumapili nataka tuzungumze."

"Si useme sasa?"

"Jumapili."

"Kuna shida?" Akamwinulia macho, akamkagua. "Mbona sura haina shida yoyote?"

"Ndiyo hiyo sura," mke akasema, akaanza kukusanya sahani.

Ikafika Jumamosi. Chumba cha kumpambia bi harusi kilikuwa nyuma ya ukumbi, kidogo, kina balbu moja ya njano na kioo kilichoegemezwa ukutani. Ng'aring'ari aliingia humo asubuhi na sanduku lake la vipodozi. Usiku uliotangulia mama alikuwa na maumivu makali. Kikombe kiligongwa mpaka jogoo akasaidia.

Alimpamba wifi yake kama vile hajawahi kupamba mtu mwingine. Alibonyeza poda kidogo, akafagia ya ziada kwa brashi laini, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa, akarekebisha nyusi. Bi harusi alipojitazama kwenye kioo aligusa shavu lake kwa ncha ya kidole, kama anagusa la mtu mwingine.

"Wifi," akasema mwishowe. "Huyu ni mimi?"

"Ni wewe. Mimi nimepangusa vumbi tu."

"Nilikuwa na mdomo mbaya siku ile ulipokuja kwetu. Unakumbuka?"

"Sikumbuki," Ng'aring'ari akadanganya. "Nenda ukavae viatu."

Bi harusi na wasaidizi wake wakatoka kwenda kwenye chumba cha pili cha kuvalia gauni. Ng'aring'ari akabaki peke yake, na ndipo akakumbuka hajajipaka. Akakaa kwenye kile kiti. Akaweka konsila, nyingi, maana siku hiyo weusi ulikuwa umeshuka mpaka shavuni. Halafu akairundika poda ya kung'arisha juu yake, tabaka nene, mpaka chini ya kila jicho pakawa na kilima. Hivyo ndivyo wapambaji hufanya wanapotaka ishike kutwa nzima: unairundika, unaiacha ikae inywe mafuta, halafu unaifagia yote. Siri iko kwenye kufagia.

"Ikae kidogo tu," akajisemea, akaegemeza kichwa ukutani.

Akalala.

Hakusinzia, alilala, mdomo wazi, brashi mkononi. Kilichomwamsha ni honi na mtu anayepiga kelele mlangoni:

"Mpambaji! Gari limefika! Bi harusi anatoka! Shela, shela nani anashika?"

Akaruka. Akapitisha brashi mara moja huku, mara moja huku, akachungulia kioo. Chini ya ile balbu ya njano alijiona mzuri. Balbu ya njano inasitiri mengi. Akakimbia na shela.

Kutwa nzima alisimama nyuma ya bi harusi, anaweka sawa shela, anapangusa jasho, anatabasamu. Kutwa nzima mume wake akapiga flashi.

"Tabasamu! Hapo hapo! Mke wangu, sogea kushoto. Leo umewaka kuliko bi harusi!" akasema kutoka nyuma ya kamera yake, jicho moja limefumbwa. Kwenye kile kioo kidogo cha kamera hakuona kitu. Hakuwa na muda wa kutazama.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Flashi akafungua kompyuta yake mezani sebuleni, karibu na kitanda cha mama. Bi harusi alikuwa amempigia kelele tangu asubuhi anataka picha, naye akamtumia chache bila kuzikagua sana. Chumbani, mlango umerudishwa nusu, Ng'aring'ari alikuwa anakunja nguo zake na kuziweka kwenye begi. Alikuwa anatafuta maneno ya kuanzia. Kila nguo aliikunja mara mbili.

Simu ya Flashi ikalia meseji. Halafu nyingine. Halafu zikawa kama mvua ya mawe.

*Kaka umeziangalia hizi picha kweli???*

*Mkeo kasimama nyuma yangu kama bundi. Miduara miwili myeupe! ZOTE!*

*Na ndiye aliyeniambia flashi haina ndugu. Mpigie umwambie haina na wifi.*

Kwenye kundi la familia nako moto ulishawaka.

*Jamani nani kammwagia Ng'aring'ari unga wa keki hahahaha.*

*Labda ndiyo fasheni mpya, muacheni,* akaandika shangazi.

*Mpambaji kajisahau mwenyewe. Mganga hajigangi.*

Flashi akafungua picha kubwa. Ni kweli. Bi harusi anang'aa kama yai, na nyuma yake mke wake, anatabasamu, chini ya macho amebeba miezi miwili myeupe. Akacheka. Alicheka kidogo tu, kama mtu anavyomcheka ampendaye, akanyanyua simu.

"Dada, punguza sauti, nakusikia. Nitazisafisha. Ni poda tu, nitaifuta kwenye kompyuta, hutaona kitu... Eeh. Zote. Mwambie mumeo akupe maji ya baridi."

Akakata, akaanza kazi. Akavuta uso wa mkewe ukajaa kioo chote, akaanza kuondoa weupe, taratibu.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Nafuta poda ya mkweo. Kajipaka kama anakwenda kucheza ngoma ya mizimu."

"Geuza hiyo kitu nione."

Akaigeuza kompyuta. Mama akatazama kwa muda mrefu. Mwanamke yule alikuwa mzee, lakini macho yake yalikuwa bado yanapitisha uzi kwenye sindano.

"Huyo ndiye mkeo?"

"Ndiye, mama. Humjui?"

"Mimi ninayemjua hayuko hivyo. Wewe futa. Futa, usiache. Ukifika chini kabisa utamkuta ninayemjua mimi."

Flashi akaacha kucheka. "Sikuelewi."

"Utanielewaje na wewe umelala? Baba, nikigonga kikombe anakuja nani?"

"Si umeacha kugonga?"

"Nani kakwambia nimeacha? Usiku wa kuamkia harusi niligonga mpaka kijiko kikapinda. Hiki hapa, kitazame. Kila usiku nagonga. Hujasikia kwa sababu kabla hujasikia yeye ameshafika. Ananigeuza. Ananifuta. Ninapolia ananiimbia, na hajui kuimba, masikini, sauti kama mlango. Saa hiyo hana poda. Nauona uso wake kama ninavyouona huu mkono. Macho yameingia ndani kama ya mfiwa."

 Chumbani mikono iliyokuwa inakunja nguo ikasimama.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Mama akageuza uso kuelekea dirishani. Sauti yake ikawa ndogo.

"Niliogopa. Nikisema mkeo anachoka, si ndio mtakaa kikao? Mtasema huyu mama sasa ni mzigo, tumpeleke wapi. Nikaona afadhali ninyamaze, yeye anaweza. Na yeye naye kila asubuhi anatoka bafuni anawaka. Nikawa nadanganywa huku naona. Lakini hii picha, mwanangu... hii picha imenitia aibu. Mtu anajirundikia poda usoni kwa sababu yangu, halafu watu wanacheka, na wewe unacheka."

Flashi akasimama. Alitembea kama mtu aliyevuliwa viatu kwenye changarawe. Akausukuma mlango wa chumbani.

Aliona begi kwanza. Halafu akamwona mke wake, amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga imekunjwa mapajani, uso umepakwa kama kawaida, unang'aa.

"Ulisema tuzungumze Jumapili," akasema.

"Ndiyo."

"Ni hili begi?"

"Ni hilo."

 Flashi angeweza kusema mengi; wanaume wengi wangesema mengi pale. Yeye akasema:

"Nawa uso."

"Nini?"

"Naomba unawe uso. Nikuone."

Macho ya Ng'aring'ari yakawaka. "Ili ucheke tena? Nilikwambia nimechoka ukanicheka. Leo nimesikia umecheka picha. Mimi ni kichekesho chako?"

"Nilicheka kwa sababu mimi ni mpumbavu. Nilikutazama usoni nikaamini poda. Nakuomba, mke wangu. Ukishanawa, ukitaka kubeba begi, nitalibeba mimi mpaka kituoni."

Ng'aring'ari akaikunjua kanga, akaikunja tena. Mwishowe akainuka. Akachukua pamba na mafuta, akaketi karibu na dirisha ambako mwanga wa mchana ulikuwa unaingia wote bila haya, akaanza kufuta. Poda ikatoka kwanza, ikaiacha pamba na rangi nyeupe iliyofifia. Halafu konsila. Akachukua pamba nyingine. Halafu nyingine. Kisha akaenda bafuni, maji yakasikika, akarudi uso unadondosha matone.

Akasimama mbele yake. "Haya. Huyu hapa."

Flashi akatazama. Weusi ulianza pembeni mwa pua, ukazunguka jicho, ukashuka mpaka juu ya shavu. Ngozi pale ilikuwa nyembamba na imekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakaushwa juani. Mke wake alionekana mkubwa kwa miaka mingi, na alionekana mtu.

"Hii... tangu lini?"

"Tangu mama aanguke."

"Na mimi nilikuwa pale pale kitandani."

"Pale pale."

Hakulia kwa sauti. Alikaa chini sakafuni, akaegemea begi lile, akafunika uso kwa mikono.

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Mwanzoni nilikuonea huruma. Baadaye nikawa nangoja uamke mwenyewe. Baadaye zaidi," akatafuta neno, "baadaye nikachoka hata kungoja."

"Unaniacha?"

Ng'aring'ari akatazama begi. Akatazama mlango, nyuma yake mama alikuwa anajizuia hata kukohoa.

"Mimi sijui kama nakuacha," akasema. "Mtu aliyechoka hivi hajui anachotaka. Ninachokijua ni kimoja, nataka kulala. Nakwenda kwa dada yangu kulala. Nikishaamka ndipo nitajua."

"Nenda," Flashi akasema. Akapangusa pua kwa mkono wa shati, akasimama, akalinyanyua begi. "Twende nikusindikize. Mama nitamgeuza mimi."

"Unajua kumgeuza?"

"Sijui. Nifundishe kabla hujaondoka."

Akamfundisha. Mkono mmoja chini ya nyonga, mwingine mgongoni, hesabu kwa kunong'ona. Mama akapiga yowe mara ya kwanza.

"Polepole, wewe! Mimi ni mamako, si gunia la viazi!"

Ng'aring'ari akacheka, na kicheko kile kilimshangaza hata yeye mwenyewe. Akambusu mama paji la uso, akaondoka na uso wake mtupu, Flashi nyuma yake na begi mpaka kituoni, na barabarani hakuna aliyemtambua.

Kwa dada yake alilala. Alilala mpaka dada yake akawa anachungulia mlangoni kuhakikisha anapumua. Akiamka, anakula, anakuta meseji kwenye simu, zimetumwa saa ambazo watu wema wamelala.

*Amegonga. Nimeamka.*

*Nimemgeuza. Anasema mikono yangu kama ya mbeba mawe.*

*Amegonga tena. Kumbe ni kila baada ya muda mfupi hivi?*

*Nimeimba. Ameniambia ninyamaze, afadhali wewe mlango kuliko mimi trekta.*

*Leo nimesinzia kazini. Nimepiga picha za miguu ya watu.*

*Wifi yako amekuja. Nimemwambia yote. Amelia mpaka mekapu imemtiririka. Anachukua zamu za Jumamosi, na kucha amekata.*

*Ile picha sikuifuta poda. Za dada nimezisafisha, yako moja nimeiacha ilivyo. Nikijisahau nitaitazama.*

Hiyo ya mwisho Ng'aring'ari aliisoma mara nyingi. Dada yake akamchungulia begani.

"Unacheka nini?"

"Trekta," akasema, akajifunika shuka, akalala tena. Lakini safari hii alilala akiwa anatabasamu.

Siku aliyorudi ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Hakutuma habari. Alisimama mlangoni na begi lake, uso haukuwa na kitu zaidi ya maji na mafuta kidogo. Weusi ulikuwa bado upo, ila ulikuwa umepungua, kama chai iliyotiwa maziwa. Akabisha hodi.

Mlango ulichelewa kufunguliwa. Ulipofunguka, alisimama mwanamume amevaa shati kinyume, nywele zimesimama upande mmoja, kikombe cha bati mkononi. Chini ya macho yake palikuwa peusi kama kitako cha sufuria ya kuni.

Wakatazamana.

"Nani huyo?" mama akaita kutoka ndani. "Kama ni mkwe wangu aingie! Kama ni mgeni mwambie mwenye nyumba amelala amesimama!"

Flashi akajaribu kujipanga, akapitisha kiganja kwenye nywele. "Ningejua unakuja ningenawa. Ninatisha, eeh? Wateja wananiuliza kama nina msiba. Hebu nipake ile poda yako, kidogo tu."

Ng'aring'ari akaweka begi chini, ndani ya kizingiti. Akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, kama yeye alivyomfanyia zamani. Hakucheka.

"Hapana," akasema. "Kaa hivyo hivyo kwanza. Nikuone."

Ndani, kijiko kikagonga kikombe kingine. Wakageuka wote wawili.

"Kalale," akasema mke. "Zamu hii ni yangu."

"Twende wote," akasema mume, na wakaingia.